Goli la Nani?

Kuna maswali mawili tu yanayoweza kumfanya mtu wa Uru aweke chini kata ya mbege ikiwa bado imejaa. La kwanza ni mpaka wa kihamba. La pili ni goli: nani amelifanya? Sisemi nani amelifunga. Aliyelifunga yuko kwenye runinga, jina lake limeandikwa na dakika yake pembeni. Nauliza nani amelifanya.

Nayajua haya kwa sababu mama yangu ana kilabu cha mbege, na mimi nimekulia nyuma ya meza yake. Siku za wiki nafundisha Kiswahili sekondari, wikiendi nasuuza kata na kurudisha chenji. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda umiza: mabati, mabenchi ya mbao za mgrevilea, runinga moja kubwa, na kijana mlangoni anayekusanya shilingi 500 kwa mechi ya ligi na 1,000 kwa fainali. Watu wanatazama kule halafu wanavuka kuja kwetu. Mama anasema kule wanalipia mpira, huku wanalipia ubishi. Na ubishi, kibiashara, ni kitu kizuri kuliko mpira, maana mpira unaisha dakika ya tisini.

Niseme mapema, mimi ni Simba, kwa kurithi, kama watu wengi wanavyorithi jina la ukoo. Lakini kambi ninazotaka kuzieleza hapa si za Simba na Yanga. Pale kilabuni kuna kambi nyingine mbili zinazokata katikati ya hizo, na unaweza kukuta mtu wa Msimbazi na mtu wa Jangwani wamekaa benchi moja wakiwashambulia ndugu zao wa rangi. Kambi moja ni watu wa mbele. Kiongozi wao ni kijana wa bodaboda, Yanga damu, mwenye imani moja tu: mpira ni magoli, mengine ni mazoezi. Kambi ya pili ni watu wa katikati. Hao wanaongozwa na mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye ni Simba, na mzee mmoja ambaye wote tunamwita Meku, yaani mzee tu, kwa heshima. Meku ni Yanga tangu alipokuwa kijana. Alikuwa msimamizi wa mfongo wa upande wetu kwa miaka mingi, na hili la mfongo mtaona lina kazi yake.

Kwanza nitoe kidogo maoni ya mwalimu wa Kiswahili. Sikiliza maneno yenyewe. Mfungaji ana kabati zima la vitenzi: anapachika, anatupia, anatikisa nyavu, anazifumania nyavu, anacheka na nyavu, anaandika bao. Fiston Mayele alipokuwa Yanga alipata hata kitenzi chake, akawafanya watu wazima watetemeke mabega barabarani kila alipofunga. Sasa njoo kwa kiungo mkabaji, namba sita. Yeye anakaba. Ananyang'anya. Anapora. Anaiba mpira. Ukiyasikia maneno haya bila kujua habari, utadhani tunazungumzia kesi iliyoko polisi. Jina moja tu zuri alilopewa ni mkata umeme, na hilo ni zuri kweli, maana linaeleza kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua: taa zinawaka, mambo yanaendelea, halafu ghafla, basi. Umeme ukikatika mechi ikiendelea, lazima mtu mmoja apige kelele gizani, "Aucho kaingia!" Hata wenye Simba yao wanacheka.

Mwaka 2023 ndio mwaka ambao ubishi huu uliiva. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa klabu ya Tanzania hilo lilikuwa jambo la kizazi. Mara ya mwisho ilikuwa Simba mwaka 1993, walipotoka sare ya bila kufungana Abidjan na Stella, kisha wakapigwa 2–0 Dar es Salaam, jambo ambalo mwalimu mstaafu huwa halizungumzi kabla ya kata ya pili. Mayele alimaliza mashindano yale akiwa mfungaji bora, magoli 7. Na katika msimu huohuo Rais Samia alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli ambalo Simba au Yanga wangefunga kwenye mechi za Afrika, baadaye akapandisha. Goli la Mama, watu wakaliita.

Hapo ndipo fundi saruji mmoja, mtu mkimya anayekaa karibu na pipa, aliuliza swali ambalo bado linazunguka pale kilabuni mpaka leo. "Sawa, goli milioni tano. Mpira ulionyang'anywa je, unauzwa bei gani?"

Hakuna aliyemjibu. Bodaboda alicheka, akasema hakuna anayenunua mpira ulionyang'anywa, kama vile hakuna anayenunua shimo la msingi. Watu wananunua nyumba. Fundi saruji, ambaye maisha yake yote amechimba misingi, alimtazama tu.

Fainali ya kwanza ilikuwa tarehe 28 Mei, uwanja wa Mkapa. Kibanda umiza kilijaa mpaka watu wakasimama juu ya matofali nje, wakachungulia juu ya mabati. USM Alger wakatangulia kipindi cha kwanza. Muda ukaenda, ukaenda. Dakika ya 82 Mayele akasawazisha, na nakumbuka mama alivyoshika ndoo ya mbege kwa mikono miwili kwa sababu meza ilikuwa inatikiswa na watu waliokuwa upande wa pili wa barabara, yaani ardhi yenyewe. Dakika mbili baadaye Waalgeria wakafunga la pili. 2–1. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile Uru isipokuwa msibani, kabla kwaya haijaanza.

Waliovuka barabara jioni ile hawakuagiza kitu kwa muda. Halafu bodaboda akasema kilichowaponza ni kwamba mbele walikuwa na mtu mmoja tu anayejua goli. Wangekuwa na Mayele wawili, hadithi imeisha. Mwalimu mstaafu, ambaye ni Simba lakini jioni ile alikuwa Mtanzania, akasema hapana, tatizo ni zile dakika mbili. Timu inayosawazisha dakika ya 82 inatakiwa kuwa na watu watatu, wanne, ambao hawashangilii. Wanaenda kuzoa mpira wavuni, sawa, lakini wao wanarudi kusimama mahali pao na kuhesabu wenzao. "Kushangilia ni kwa mtu mmoja. Wengine wako kazini."

Meku akaingilia hapo. Akamgeukia bodaboda, akamwambia, "Mwanangu, maji yakifika kwenye migomba yenu, unamshukuru nani?"

Kwa msomaji wa mbali: mfongo ni mfereji wa kuleta maji kutoka mtoni huko juu, karibu na msitu, mpaka vihambani. Mababu walichimba hii kabla Mjerumani hajafika, kwa kufuata mgongo wa mlima kwa jicho tu. Maji yana zamu. Mfongo unasafishwa na watu wote wanaoutumia, na asiyetokea siku ya kazi anatozwa. Kazi ngumu kuliko zote ni ya banio, kule mtoni, ambako mafuriko yakipita yanabomoa kila kitu na lazima mtu apande alfajiri akapange mawe na magome upya, akiwa kwenye maji baridi mpaka kiunoni.

"Wewe unafungua mdomo wa mfereji kwa jembe moja," Meku akaendelea, "maji yanaingia shambani, mkeo anakuona mwanaume. Jembe moja! Kuna watu walikuwa kwenye banio tangu saa kumi usiku. Hao ndio Aucho. Hao ndio akina Job na Bacca. Mayele ni jembe la mwisho."

"Meku, shikamoo," bodaboda akasema, na alipoanza na shikamoo tulijua anakuja na kitu. "Lakini maji yasipofika kwenye mgomba, hao wa kwenye banio walikuwa wanafanya nini huko juu? Wanaoga?"

Hata Meku alicheka mpaka akafuta macho. Na ndilo jibu zuri kuliko yote niliyowahi kusikia upande wa mbele, lazima nilikubali hata kama mimi niko upande wa pili.

Tarehe 3 Juni, Algiers, Yanga walishinda 1–0 kwa penalti ya mapema ya Djuma Shaban. Jumla 2–2. Kombe likabaki kwa Waalgeria kwa sababu walifunga mawili ugenini na sisi moja. Kwa hiyo ubishi ukapata chakula cha mwaka mzima: yule mwalimu wa hesabu akaonyesha kwamba lile goli la dakika ya 84 lilikuwa na uzito wa magoli mawili, na bodaboda akaonyesha kwamba goli moja zaidi pale Dar lingetatua kila kitu. Wote wako sahihi. Ndiyo shida ya hesabu kwenye mpira.

Halafu Mayele akauzwa Pyramids, Misri. Bodaboda alivaa sura ya mfiwa. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga isiyo na Mayele ikaifunga Simba 5–1. Mapumziko ilikuwa 1–1. Mimi sitaki kuieleza sana mechi ile, mtanisamehe. Ila jioni yake mwalimu mstaafu, akiwa ameumia kama mimi, alipata nguvu ya kuuliza, "Jembe la mwisho limeuzwa Misri. Haya matano yametoka wapi?" Na bodaboda, akiwa juu ya meza kabisa, akataja: Musonda, Maxi mawili, Aziz Ki, Pacome. "Mbele, mwalimu! Wote mbele!" Watu wa katikati wakasema hao wote walikuta njia iko wazi kwa sababu viungo wa Simba kipindi cha pili walikuwa wanatembea. Na kadhalika, mpaka saa nne usiku.

Ningeweza kuuchukulia ubishi huu kama burudani, na kwa miaka mingi nilifanya hivyo. Lakini nyumbani kwetu kuna namba sita.

Uwanja wetu, lazima nieleze, umelala kama paa. Uru hakuna mahali tambarare pa kutosha watu ishirini na wawili. Goli la juu tunaliita la mlimani, maana nyuma yake siku ya mawingu machache unaona theluji ya Kibo. Goli la chini tunaliita la mjini, maana ukisimama pale unaona Moshi yote na tambarare mpaka ukungu. Timu inayoshambulia mjini inacheza mpira wa mbio. Winga anasukuma mpira mbele, anaufukuzia, mteremko unafanya nusu ya kazi. Kipindi cha pili mnabadilishana, na hapo ndipo unapojua timu. Kwenda mlimani mbio hazisaidii. Mpira ukiupiga mbele unakurudia. Ukiupoteza unateremka wenyewe kuelekea goli lako, na ukitoka nje unapita kwenye kahawa, unaingia korongoni, na watoto wawili wanatumwa kuutafuta huku kila mtu akipumua. Kwenda mlimani unahitaji watu wa kusukuma, wa kusimama na kugombea kila hatua.

Mdogo wangu ndiyo kazi yake. Si mrefu. Ana kifua kipana na miguu ya mtu aliyebeba ndizi tangu utotoni. Wengine wanatazama mpira ulipo. Yeye anatazama utakapokuwa, kwa hiyo mara nyingi anaonekana kama amesimama tu, na mtu asiyejua atasema huyu mvivu. Halafu mpira unafika pale aliposimama. Anauchukua, anampa winga pembeni, pasi ya mita tano, basi. Winga anaondoka nao, uwanja unapiga kelele.

Desemba 2023, watu waliporudi nyumbani kwa Krismasi, magari ya Dar yamepanga mstari mpaka kanisani, tulicheza mechi na timu ya kata jirani. Winga wetu alifunga matatu. Jamaa mmoja aliyekuja likizo, anayefahamiana na kocha wa timu moja ya huko Dar, alimwendea winga baada ya mechi, akamwambia mwezi wa pili kuna majaribio, aje. Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni anafungua viatu. Yule bwana akamtazama, akasema, "Na wewe unaweza kuja." Unaweza. Mimi ni mwalimu wa lugha, neno kama hilo halinipiti.

Kikao cha nyumbani kilikaa siku tatu. Baba alishafariki, kwa hiyo baba mkubwa ndiye mwenye neno. Baba mkubwa ni mtu wa mbele. Alisema bila ubaya wowote kwamba anampenda kijana, lakini wanaotafutwa huko ni wafungaji, na hakuna mtu anapanda basi kutoka Kilimanjaro kwenda Dar kuonyesha jinsi anavyosimama. Mama alinyamaza. Halafu akasema laki moja na nusu anayo. Nilijua laki moja na nusu ile ni nini. Ilikuwa hela ya ulezi. Mtu asiyepika mbege anadhani mbege ni ndizi, lakini ndizi tunazo shambani. Kinachonunuliwa ni ulezi, na ukikosa hela ya ulezi unafunga kilabu. Baba mkubwa alimtazama shemeji yake kwa muda mrefu. Akaruhusu mgrevilea mmoja ukatwe ili iongezwe nauli na hela ya kula.

Walikaa siku tisa. Winga akabaki. Mdogo wangu akarudi na basi la usiku.

Hakusimulia kwa wiki mbili, na aliposimulia ilikuwa jikoni, mimi na yeye, anamenya ndizi. Vijana walikuwa kama arobaini. Wanagawiwa vizibao vya rangi, mnacheza dakika ishirini, mnatoka, wanaingia wengine. Hakuna anayemjua mwenzake. Kila mmoja amekuja na nauli ya mti wake. "Sasa dada, nikinyang'anya mpira, nampa nani? Nampa mtu, yeye anataka apige chenga watatu aonekane. Anapoteza. Narudi kunyang'anya tena. Nampa mwingine, hivyohivyo." Makocha walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, mmoja ana daftari.

Nikamuuliza walikuwa wanaandika nini.

"Sijui. Ila kalamu ilikuwa inatembea mpira ukifika mbele."

Tangu siku hiyo lile swali la fundi saruji halijawahi kunichekesha tena. Namba sita si mtu unayeweza kumpima peke yake. Ni kama kumpima mtu wa banio kwa kumweka mahali ambapo hakuna mfongo. Anaonekana tu pale ambapo wenzake kumi wanajua atasimama wapi, na hilo halipatikani kwa dakika ishirini na vizibao vya kuazima. Mfungaji yeye anajibeba. Anashuka kwenye basi na kipaji chake mkononi, kama mtu aliyeshika jogoo. Siwalaumu wale makocha peke yao. Waliona kile ambacho mahali pale palikuwa pamejengwa kuonyesha, na kila mtu, kuanzia serikali inayotoa milioni mpaka mtoto anayetetema barabarani, amewafundisha watazame huko.

Kilabuni habari ilipofika, bodaboda hakushangilia, nimpe haki yake. Lakini hakuacha hoja ipite. Winga amebaki, namba sita amerudi: ushahidi gani tena mnataka? Winga yuko huko mpaka leo, anacheza, si Ligi Kuu, lakini anacheza na analipwa kidogo. Mwaka jana alimtumia mdogo wangu viatu. Sina jibu kwa hilo. Mwalimu mstaafu alijaribu kujibu kwa mwaka 1979, ambao ndio silaha yake kubwa: Simba walifungwa 4–0 nyumbani na Mufulira Wanderers, wakaenda Zambia wakashinda 5–0, na kila mtu anamtaja Thuwein Ally aliyefunga matatu, nani anataja mabeki waliomaliza dakika tisini bila kuruhusu? Wangefungwa mawili, hesabu ingekataa. "Lakini na moja ingekubali," bodaboda akasema baada ya kupiga hesabu kwenye simu, kwa magoli ya ugenini. Mwalimu wa hesabu alikagua, akakuta ni kweli, akanunua kata moja akampa.

Mdogo wangu hakucheza mpaka masika yakapita. Katika mechi tatu hizo tulitoka sare mbili na kufungwa moja. Watu wa katikati wakasema mnaona. Watu wa mbele wakasema mvua.

Tarehe 25 Mei 2025 zamu ya fainali ilikuwa yetu, Simba na RS Berkane, marudiano, uwanja wa Amaan, Zanzibar. Tulikuwa tumefungwa 2–0 kule Morocco. Mutale akafunga mapema, kibanda kikawaka. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Yusuf Kagoma, kiungo mkabaji, akapewa kadi nyekundu. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, hakulipa, kijana wa mlangoni huwa anamwachia. Watu walikuwa wanamtukana mwamuzi, wanataka kujua nani ataingia mbele. Yeye alisema polepole, si kwa mtu yeyote, "Hapo katikati sasa nani anasimama?" Mechi iliisha 1–1, Berkane wakasawazisha mwishoni kabisa. Kombe likaondoka.

Jioni ile ubishi ulikuwa mkali kuliko miaka yote, kwa sababu kila kambi ilikuwa na sehemu yake ya ukweli na wote tulikuwa na hasira. Meza ilipigwa. Mtu akasema bila magoli matatu tusingepata kombe hata Kagoma angebaki. Mwingine akasema huwezi kutafuta matatu bila mtu wa kukurudishia mpira. Mama alikuwa anafuta kata. Akaliweka mezani daftari lake la madeni, lile kubwa la jalada jeusi, akaligeuza nyuma.

"Mimi daftari langu halibishaniwi," akasema. "Aliyekunywa ameandikwa. Jumapili mtu aende uwanjani aandike mipira. Wote. Si magoli tu."

Kwa hiyo Julai, kwenye kombe la mbuzi, nusu fainali, niliketi kwenye jiwe karibu na mstari wa kati nikiwa na daftari la madeni la mama yangu mapajani. Bodaboda kulia, mwalimu mstaafu kushoto, kama mawakala wa uchaguzi. Masharti yaliandikwa ukurasa wa nyuma: mpira ulionyang'anywa na kubaki kwetu unahesabiwa, uliopigwa nje hauhesabiwi, uliorudi kwao ndani ya pasi mbili hauhesabiwi. Fundi saruji alipewa saa. Kipindi cha kwanza tulishambulia mjini, mbio tupu, tukafunga moja. Nilimwandikia mdogo wangu vijiti vitano. Kipindi cha pili tukageuka kwenda mlimani.

Sikujua kwamba kuandika kunabadilisha macho. Nimemtazama kijana huyu akicheza tangu ana miaka kumi, lakini nilikuwa naufuata mpira kama watu wote. Sasa nililazimika kumfuata yeye. Dakika kumi nzima hakugusa mpira, akasogea tu, hatua mbili huku, nne kule, akionyesha kwa mkono, akimwita beki, na wale jamaa wakatafuta njia ya kupita katikati wasiione, wakarudisha nyuma, wakatafuta tena. Nilimuuliza mwalimu mstaafu hiyo inaandikwaje. Akasema haikuwekwa kwenye masharti. Bodaboda akasema, "Usiandike kitu ambacho hakijatokea, mwalimu." Sikuandika. Lakini nilimwona ametoa macho, naye hatazami mpira.

Filimbi ilipopigwa ilikuwa 1–0 na nilikuwa na vijiti kumi na nne. Kijiti cha kumi na nne ndicho chenye mgogoro. Alimpora namba kumi wao karibu na mstari wa pembeni, akageuka, na katika kugeuka mpira ukamgonga yeye mwenyewe gotini, ukatoka, ukateremka, ukaingia mfongoni. Mwamuzi akatupa sisi. Bodaboda anasema umetoka nje, haujabaki kwetu, futa. Mwalimu mstaafu anasema tulirusha sisi, kwa hiyo umebaki. Meku, aliyekuwa amekaa juu ya ukuta wa mfongo huohuo na ndiye aliyeutoa mpira kwa fimbo yake, aliulizwa kama shahidi, akasema mpira ulikuwa umelowa, hajui zaidi.

Mama amekataa kukifuta. Anasema daftari lake halifutwi mpaka mtu alipe.